Kisu Kinachopungua

Kisu ninachomenyea matoke kina upana wa kidole changu cha mwisho. Wageni wakikiona juu ya ubao hudhani ni kipande cha kisu kingine kilichovunjika. Dereva mmoja wa lori aliwahi kuniambia, "Mama, nikirudi kutoka Gulu nitakuletea kisu cha maana." Nikamwekea sahani yake, sikumjibu.

Kilipotoka kwa mhunzi mwaka 2009 kilikuwa na upana wa vidole vitatu, na kazi yake ilikuwa nyama. Tangu hapo kila asubuhi kinapita juu ya jiwe, na kila asubuhi jiwe linakula kidogo. Kilipofika vidole viwili kikawa hakina tena uzito wa kupasua kiungo cha mbuzi, nikakihamishia kwenye vitunguu na kabeji. Sasa kimekuwa chembamba, chepesi, kinajipinda kidogo kinapofuata ganda la ndizi, na sijawahi kuwa na kisu cha kumenya kizuri kama hiki. Dukani huwezi kukinunua. Inabidi ukisubiri.

Nina kihoteli Bombo, Uganda, kando ya barabara ya Gulu. Wateja wangu ni wanajeshi wa kambini, madereva, walimu, na wachuuzi wanaoteremka na buni kutoka Luweero. Mezani Kiswahili, sokoni Kiganda, nyumbani Kinubi. Kwa siku tunamenya mikungu mitatu, Ijumaa mitano. Siku moja nilihesabu mkungu wa wastani nikapata ndizi 120 na ushee, kwa hiyo ukiniuliza habari ya visu nitakujibu kwa mkono wangu wa kulia, ambao kidole chake cha shahada kina sugu inayong'aa pale mgongo wa kisu unapokaa.

Mapenzi haya sikuanza nayo. Niliyaona kwa bibi yangu, tuliyemwita haboba kama Wanubi wote wanavyowaita bibi zao, na nikayaonea aibu kwa miaka mingi.

Mwaka 1979, Kampala ilipochukuliwa mwezi wa Aprili na serikali ya Idi Amin kuanguka, Wanubi wa Bombo, tuliohesabiwa kuwa watu wake, tulikimbia kuelekea kaskazini. Nilikuwa na miaka mitano. Haboba alibeba sufuria, mkeka na msahafu wa babu. Kisu alikisahau juu ya uchanja wa vyombo, na jambo hilo lilimuuma hadi anafariki. Alikuwa akisema, "Nyumba niliiacha kwa sababu haibebeki. Kisu je?" Tulipofika Arua alitoa kanga yake moja akapewa kisu cha mhunzi wa huko, tukavuka nacho kuingia Zaire.

Nakikumbuka vizuri kuliko ninavyokumbuka sura za watu wa safari ile. Bapa lake lilikuwa jeusi, alama za nyundo zinaonekana kama maji yaliyopigwa na upepo mdogo. Makali peke yake ndiyo yaliyong'aa, ukanda mwembamba kama uzi wa fedha. Kilichinja kuku, kilimenya mihogo, kilikata sombe, kilichonga vigingi vya kibanda. Mjomba wangu alinyolewa nacho kichwa siku ya msiba. Tulirudi Bombo mwaka 1987, na kisu kikarudi kimekonda. Haboba alikuwa amekwisha kuwa mzee wa kukaa barazani kusuka makawa, akakifanya kisu cha kuchania ukindu. Akashika jani, akaweka ncha, akavuta. Jani moja likawa nyuzi sita zinazolingana. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tatu, na nilichoona mimi ni kisu cheusi cha kimaskini.

Kwa hiyo nilipofungua kihoteli mwaka 2004, jambo la kwanza lilikuwa kwenda Kampala kununua seti ya visu sita vinavyong'aa, vimepangwa kwenye boksi la mbao. Niliviweka mahali ambapo wateja wataviona. Wiki ya kwanza vilikata hata hewa. Mwezi wa pili vikaanza kuponda nyanya. Nikavinoa kwenye jiwe letu la nyuma ya jiko, jiwe likateleza kana kwamba nanoa sahani ya kauri. Nikampa fundi anayezunguka na baiskeli yenye kinoo cha kukanyaga. Vikakata siku mbili, vikarudi vilevile. Sitaki kusema visu vya kiwandani ni vibaya vyote. Viko vizuri sana, na mwenye mawe na muda wa kuvinolea atavifaidi. Mimi nilikuwa na jiwe la mtoni na wasichana wawili wa jikoni. Ndani ya mwaka mipini mitatu ilikuwa imepasuka kwa maji ya moto.

Kisu cha mhunzi nilikinunua bila kukusudia. Nilikwenda gulio la Wobulenzi kutafuta karanga, nikamkuta mzee amekaa juu ya gunia, mbele yake majembe, mundu, mapanga, na zile kulabu ambazo Waganda wanaziita kiwabyo, za kufungwa kwenye mti mrefu ili ukate jani la mgomba ukiwa umesimama chini. Visu vilikuwa vinne tu. Nikaokota kimoja, mkono wangu ukakumbuka kitu kabla ya kichwa. Ulikuwa ni ule uzito wa kisu cha haboba.

"Elfu tano, binti yangu," mzee akasema kwa Kiswahili cha West Nile, kule kaskazini magharibi.

"Mbona cheusi hivi?"

"Unataka kukata au unataka kujitazama?"

Nikalipa.

Miaka miwili nilikitumia kwa raha. Halafu nikakiharibu mwenyewe, na hapo ndipo nilipojifunza mengi ya haya ninayoyaandika. Ilikuwa mkesha wa Idi ya kuchinja. Mbuzi watano wananisubiri, jiwe la kunolea halionekani, mtu amelihamisha. Pembeni yangu kulikuwa na kijana wa kuchomelea mageti. Akasema, "Mama, lete, dakika moja tu." Akawasha grenda. Cheche ziliruka kama fataki, watoto wakapiga makofi. Aliponirudishia, kisu kilikuwa na makali ya wembe, na kando ya makali kulikuwa na doa la rangi ya buluu, zuri kama bawa la nzi wa chooni. Nikalipenda hata lile doa.

Mbuzi wa kwanza hajaisha kuchunwa, kisu kimekuwa butu. Nikanoa. Kikakata mara nne, kikawa butu tena. Makali yalikuwa yanalala, ukipitisha kidole unayasikia yamekunjamana upande mmoja.

Baada ya Idi nilipanda taksi hadi Wobulenzi, nikachukua boda kumfuata mzee kwake, nimejaa maneno. Nilikuwa nimeamua kwamba ameniuzia kisu kibovu, kwamba ubovu umechelewa tu kujitokeza. Nilimkuta chini ya mfenesi. Hakunijibu neno. Alikipokea, akakigeuza mpaka akaliona doa, akaweka kidole juu yake.

"Nani amekipika?"

Nikamweleza habari ya grenda.

"Basi kaa," akasema. "Leo utaona."

Mzee huyu ni Mkebu, kutoka Zombo, kule juu mpakani na Kongo. Wakebu wamekaa kati ya Waalur tangu zamani, na kazi iliyowapa jina ni uhunzi. Alinisimulia kwamba babu yake alioa kwa majembe aliyoyafua mwenyewe, na kwamba wakati huo chuma kilitoka katika mawe, kikayeyushwa kwenye tanuri la udongo. Yeye hakuyeyusha mawe hata siku moja. Chuma chake kinatoka Kampala, Katwe na Kisekka, mahali wanapovunja magari: springi za malori, hasa zilizokatika. "Lori limebeba mawe miaka ishirini na springi yake haijapinda," akasema, "ikikatika si kwamba imekufa, imebadilisha bwana."

Mivukuto ya ngozi ya mbuzi aliyokulia nayo hana tena. Ana gurudumu la baiskeli lililofungwa mkanda, linazungusha feni ndogo, na mjukuu wake ndiye anayezungusha. Fuawe ni kipande cha ekseli ya lori kilichosimikwa katika gogo. Nikamwuliza kwa nini amejibana kivulini na mvuke wote ule wakati uwanja ni mpana. Akaniambia jua ni mwongo. Chuma kilicho moto ukikitazama juani unakiona cheusi, kumbe kimeshapita kiasi. Kivulini rangi inasema kweli, na mhunzi hana kipimo kingine zaidi ya rangi.

Aling'oa mpini, akaweka bapa katika mkaa. Likawa jekundu la giza, kama ini. "Bado." Mjukuu akaongeza mwendo. Likafika wekundu wa buni iliyoiva mtini, ule wekundu ambao kila mtu wa Luweero anaujua kwa macho hata akiwa usingizini. Akalitoa, akalisogeza karibu na kipande cha sumaku alichokitoa kwenye spika ya redio mbovu. Sumaku haikulishika. Alirudisha bapa motoni kidogo, akalitoa tena na kulitumbukiza makali kwanza katika kopo la oili chafu ya injini. Moshi, mlio kama wa mandazi, kisha kimya. Mpwa wangu aliyesomea ufundi wa magari aliniambia baadaye kwamba chuma huacha kushikwa na sumaku kikikaribia nyuzi joto 770, na kwamba hapo ndipo chuma cha springi, chenye kaboni ya kutosha, huwa tayari kuzimishwa ili kiwe kigumu. Mzee anajua vivyo hivyo, ila nyuzi zake ni buni.

Nilidhani kazi imekwisha. Akachukua tupa akaipitisha kwenye makali. Ikateleza bila kung'ata. "Sasa ni kigumu kama chupa. Kikianguka kwenye saruji yako kitavunjika kama chupa." Akasugua upande mmoja wa bapa kwa kipande cha tofali mpaka ukawa mweupe, kisha akaulaza mgongo wa kisu juu ya chuma kinene kilichokuwa moto pembeni. Akanivuta karibu. "Tazama, usipepese."

Rangi ilianza kutembea. Ilitoka kwenye mgongo, ikapanda polepole kuelekea makali: kwanza njano hafifu kama nyasi kavu, nyuma yake hudhurungi, nyuma yake zambarau, na nyuma kabisa, kule mgongoni, buluu. Ilikuwa buluu ileile ya grenda. Ile njano ya nyasi ilipogusa makali akakizamisha kwenye maji papo hapo.

"Buluu ikae mgongoni," akasema, "hapo ni laini, kisu hakivunjiki. Kijana wako ameileta kwenye makali. Amekufanyia kijiko."

Nikaona haya. Maneno yote niliyopanda nayo taksi yaliniishia mdomoni. Alinitoza elfu mbili, nikamwachia na chakula nilichokuwa nimefunga kwenye majani.

Kabla sijaondoka mpini ulirudishwa. Mti ni mpera, kwa sababu haupasuki ovyo na hauchubui mkono. Msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, uliwekwa motoni peke yake, bapa likiwa limefungwa kitambaa chenye maji lisipate joto, kisha ukasukumwa ndani ya tundu la mti. Mti ukaungua kwa ndani, ukatoa harufu tamu, msuka ukajichongea nyumba yake mwenyewe. Noleo lilikuwa pete iliyokatwa kwenye bomba la maji. Hakuna gundi. Nimebadilisha mpini huo mara mbili tangu hapo.

Mteja mmoja alikuja nikiwa bado pale, mwanamke wa mjini, amevaa vizuri. Alitaka kisu chembamba kama wembe, kisichoshika kutu, kisichohitaji kunolewa, na kipatikane Jumamosi. Mzee akaitikia kwa heshima zote, akamwambia sawa, ila amletee kwanza mkaa wa nywele za watu na mitungi ya machozi. Mimi nilicheka mpaka nikashika tumbo. Kila aliyekulia Buganda anaijua hadithi ya Walukaga, mhunzi aliyeamriwa na Kabaka amfulie mtu wa chuma, aliye hai, na namna alivyojiokoa kwa kuomba vifaa visivyopatikana. Yule mama naye alicheka, akanunua mundu.

Kunoa ndilo jambo ninalowafundisha wasichana wa jikoni kabla hata ya kuwafundisha mchuzi wa karanga. Jiwe liloe. Mgongo wa kisu uinuke kiasi cha kupitisha sarafu mbili chini yake, basi. Sukuma kana kwamba unachuna ngozi ya jiwe, mara kumi upande huu, mara kumi upande ule, bila haraka na bila kubonyeza kama unayefua jinzi. Kisha pitisha kidole gumba kutoka mgongoni kwenda makalini, kamwe usikipitishe kando ya makali. Ukisikia kitu kama uzi kimejikunja upande wa pili, jiwe limefika. Uzi huo nauondoa kwenye mkanda wa jeshi wa marehemu mume wangu, uliotundikwa kwenye mlango wa stoo. Vuta mara tano huku na huku. Kazi nzima haizidi dakika tatu. Kisu hiki kinapoteza makali upesi kuliko kile cha boksi la mbao, sikatai. Lakini ninayarudisha mwenyewe, kwa jiwe lisilo na bei, kabla chai haijachemka.

Kina kasoro zake. Ukikiacha na maji usiku mmoja utakikuta kimevaa kutu kama shati, kwa hiyo tunakifuta, tunakipaka mafuta ya kupikia, tunakitundika. Kachumbari siikati nacho. Ndimu na vitunguu vinatoka na rangi ya kijivu na ladha ya msumari. Kwa matunda nina kisu cheupe cha dukani na sioni aibu. Utomvu wa matoke nao unakitia weusi ambao hautoki, lakini weusi huo naupenda, maana palipo na weusi wa utomvu kutu haishiki sana.

Nimetapeliwa pia. Mchuuzi alipita hapa na visu vyeusi vya kuvutia, elfu mbili mbili, nikachukua viwili bila kuuliza. Vilikuwa vya nondo. Nondo ya kujengea haina kaboni ya kutosha, uizimishe katika oili au katika maji ya zamzam, haiwi ngumu. Siku hizi kabla sijalipa nakikunja kidogo kwa kukiegemeza ubao: cha springi kinarudi kama kilivyokuwa, cha nondo kinabaki kimeinama kinakutazama. Halafu nakigonga kwa ukucha. Cha springi kinaimba.

Jambo moja limebadilika na linaniuma. Mwaka 2021 wazee wengi waliuawa kwa mapanga huko Masaka na Lwengo, na tangu wakati huo kupanda taksi ukiwa na panga jipya mkononi si jambo la kawaida tena. Nilipolinunua langu la shamba nililifunga kwa gunia na kamba, bado kondakta alitaka nifungue aone, na abiria wakasogea. Sikumlaumu. Nililiweka kwenye buti, nikakaa kimya hadi Bombo, nikimfikiria mzee wangu ambaye maisha yake yote amefua mapanga ya kupalilia kahawa.

Mzee sasa haoni vizuri, na mhunzi asiyeona rangi amekwisha. Yule mjukuu wa gurudumu ndiye anayefua, na mzee anakaa kwenye kiti kando ya moto na kuuliza, "Imekuwaje?" na kijana anajibu, "Buni, babu," au "Bado ini." Mwezi uliopita nilimpelekea kisu changu mpini ulipolegea. Kijana alikiinua akakitazama kwenye mwanga, akaniuliza kama nataka akifue upya kiwe kitu kingine. Babu yake akanyosha mkono, akakipapasa kutoka msukani hadi nchani.

"Hiki kina kazi nyingine bado," akasema. "Mpe mpini mwembamba."

Kazi hiyo ina mwenyewe tayari. Mjukuu wangu wa kike ana miaka tisa, anajifunza kusuka kawa, na ukindu wake anauchana kwa wembe unaomkata vidole. Kila akija jikoni anakiokota kile kisu, anakilaza juu ya kidole chake kidogo, anafumba jicho moja, anapima.

"Bado kinene, haboba," ananiambia, na kukirudisha ubaoni.